Mwezi Niliosema Nimeuona

Maalim Rajabu tulimzika Kilosa siku ya Jumatano baada ya adhuhuri, na mvua ikatuvumilia mpaka tukamaliza kufukia. Baadaye nilikaa kwenye mkeka nje ya nyumba yake na kikombe cha chai ya tangawizi, miguu inaniuma, nikiwatazama watu ambao nusu yao siwajui tena. Jirani yangu mkekani alikuwa mwalimu wa sekondari kutoka Morogoro aliyeoa mtaa ule, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, na mzee mmoja wa Masanze akaona ni vema kunitambulisha kwake. "Mwalimu, huyu unamjua?" akasema kwa sauti ya kufika mpaka kwa wanawake ndani. "Huyu ndiye aliyetulisha pilau mchana wa Ramadhani!" Watu wakacheka kile kicheko cha msibani cha kujizuia, nami nikacheka nao, maana imepita zaidi ya miaka arobaini na hasira za jambo lile nilishazimaliza zote. Mwalimu peke yake hakucheka. Akanigeukia akasema, "Shikamoo, mzee. Ilikuwaje?" Nikamwitikia marahaba, nikamjibu kwa ufupi unaofaa msibani, kwamba nilikosea kuona mwezi. Jibu hilo limenikera tangu siku ile kwa sababu si kweli. Macho yangu hayakukosea kitu. Uliokosea ni mdomo, na mdomo nilikuwa nao mwenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Ya kabla ya hapo hayana faida kwa msomaji, nayaruka. Inatosha kujua kwamba nilifika Kilosa mwanzoni mwa mwaka ule na sanduku moja la bati, kumsaidia Maalim Rajabu kufundisha watoto wa madrasa, nikapewa chumba cha kwanza kushoto katika nyumba yake nyuma ya stesheni. Kilikuwa na kitanda cha kamba, kibatari, msumari wa kutundikia kanzu, na dirisha la wavu ambalo treni ikipita lilitetemeka mpaka vumbi likanidondokea kwenye mto. Nyumba haikuwa na dari. Kuta ziliishia chini ya kenchi za paa, na maneno ya chumba kimoja yalipita juu yakashukia chumba cha pili bila kupungua hata neno. Kwa njia hiyo nilijua bei ya mchele, ugonjwa wa mbuzi, na kila kitu ambacho Maalim na mkewe Bi Hawa walidhani, au nilidhani wanadhani, kwamba sikisikii. Jioni moja, kabla ya isha, nikawasikia wakinizungumzia mimi.

"Yule kijana simwelewi," Bi Hawa alisema. "Kila kitu yeye ana uhakika nacho."

"Ndilo ninalompendea," Maalim akajibu. "Vijana wa siku hizi ukimuuliza jambo, labda, sijui, tuone. Omari akisema ndiyo, ni ndiyo. Mtu wa namna hiyo ndiye wa kumpa Saada."

"Mh," akasema Bi Hawa.

Ile "mh" ningeisikiliza vizuri ningepona. Lakini mimi nilibaki na jina la Saada. Alikuwa binti yao pekee, ana miaka kumi na tisa, mwembamba, mwepesi wa kucheka na mzito wa kukubali. Mpaka usiku ule nilimtazama kwa kuibia. Baada ya usiku ule nikaanza kumtazama kama mtu aliyeahidiwa. Na kwa kuwa nilipendwa kwa uhakika wangu, nikauongeza. Nyumba ile ilikuwa na namna yake ya kusema. Bi Hawa hakupanga hata safari ya kisimani bila kusema inshallah, na mboga aliyoipika miaka ishirini bado aliiambia "nadhani chumvi imetosha." Saada alikuwa na "naona kama." Mimi nilikuwa na "bila shaka." Treni itachelewa leo? Bila shaka. Mvua itanyesha? Bila shaka. Watoto wa madrasa, ambao hawana huruma, wakaniita Ustadhi Bila Shaka, na mimi mjinga nikafurahi. Niliamini kwamba shaka ni mlango anaopitia shetani na kwamba muumini wa kweli anaufunga na komeo. Shaabani ilipofika siku ya thelathini, ile inayoitwa siku ya shaka, Maalim alikataza watu kufunga kwa kubahatisha, kwa kuwa hakuna aliyejua kama Ramadhani imeingia au bado. Saada akaniambia wakati ananipa chai, "Unaona, Ustadhi? Dini imeipa shaka siku yake nzima. Wewe hutaki kuipa hata dakika." Nikacheka, nikanywa chai.

Ramadhani ya mwaka ule ilikuja na mvua. Nakumbuka futari kuliko ninavyokumbuka dua: mihogo ya nazi iliyoiva mpaka inavunjika, magimbi, tambi za sukari, uji wa mchele wenye pilipili manga ya kukohoza. Tulikula kwenye jamvi barazani, wenyeji na wageni. Kati ya wageni wa siku kumi za mwisho walikuwamo Mama Chausiku, mwuza chakula wa Mikumi aliyekuja kwa dada yake, na Athumani, mkata miwa wa Ruhembe aliyekuwa na mikono mikubwa na sauti ndogo. Mtaani kulikuwa na msikiti wa pili ambao ulifuata tangazo la redio. Sisi wa Maalim Rajabu tulifuata macho yetu wenyewe, na ubishi kati ya misikiti hiyo miwili ulikuwa wa kila mwaka, wa kutaniana, wenye miiba ndani yake.

Mwezi ishirini na tisa jioni tukapanda kwenye tuta la reli kutazama. Anayeijua Kilosa anajua kwamba magharibi kuna milima, jua linajificha mapema na mwezi mchanga una nafasi ndogo sana ya kuonekana. Juu ya milima kulikuwa na mawingu yaliyopasuka vipande. Watu walikuwa wengi, wamechoka, wana hamu ya sikukuu, na redio mkononi mwa mtu ilishasema kwamba mpaka muda ule hakuna taarifa ya mwezi kuonekana popote. Kisha katika upenyo mmoja wa wingu nikaona uzi mweupe. Ulikuwepo, haukuwepo. Nakumbuka vizuri kabisa, na hili ndilo sikumwambia mwalimu wa Morogoro: wakati naufungua mdomo wangu, moyo ulishaniambia sina hakika. Nilihisi ule ubaridi mdogo wa kutojua. Lakini Maalim alikuwa ananitazama, na nyuma yake niliona nguo ya Saada katikati ya wanawake. Nikanyoosha kidole nikapiga kelele, "Ule pale!"

Mwezi wa kumaliza Ramadhani unataka mashahidi wawili. Kando yangu alisimama Mzee Kondo, aliyekuwa fundi wa njia ya reli mpaka alipostaafu, mtu mwaminifu ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisema uongo. Akafuata kidole changu, akakunja macho, akasema, "Naam. Naam, nauona." Wingu likafunga. Maalim akatuita wote wawili pamoja, katikati ya watu, akauliza kama tumeuona kwa macho yetu. Mzee Kondo akasema ndiyo. Mimi nikasema, "Bila shaka, Maalim." Takbira ikaanza pale pale kwenye reli. Kesho yake msikiti wa pili walifunga siku yao ya thelathini, sisi tukala pilau milango wazi, na harufu ikawafuata mpaka ndani mwao. Nilivaa kanzu mpya. Nilisifiwa macho yangu tangu asubuhi mpaka alasiri.

Jioni ya siku hiyo mbingu ilikuwa safi. Watu wa misikiti yote miwili walitoka kuutazama mwezi, ambao kwa hesabu yetu ulikuwa wa siku ya pili na ulipaswa kuwa mnene na kusimama juu. Ulikuwa mwembamba kama kucha iliyokatwa, ukakaa kidogo tu, ukazama. Wenzetu hawakusema kitu, wakaingia kuswali. Maalim alibaki ametazama milima muda mrefu baada ya mwezi kuondoka. Kisha akawageukia watu wetu akasema mashahidi wawili waadilifu wametoa ushahidi, shauri limefungwa. Na kwa kweli lilikuwa limefungwa. Hakuna mtu ambaye angelifungua tena ila mimi mwenyewe.

Siku ya nne ya sikukuu nilimkuta Saada uani, amekunja kanga mpaka magotini, anasugua sufuria la pilau kwa majivu na mchanga. Akaniambia bila kuinua kichwa, "Ustadhi, nikuulize. Ule mwezi ulikuwa juu ya mlima upi?" Nikamwambia kushoto mwa bonde, juu kidogo. Akaendelea kusugua. "Mzee Kondo amemwambia mama kulia mwa bonde, chini kabisa." Nikasema mzee amesahau. "Naona kama," akasema. Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitegemea kutoka kwa msichana wa nyumba ile: "Na mimi? Nasikia Baba anataka kunipa kwako. Wewe unanitaka?" Moyo ulinipasuka kwa furaha na hofu, nikajibu kwa neno langu lile lile. Saada akaacha kusugua, akanitazama usoni. "Kama ulivyouona mwezi?"  Akachukua sufuria akaingia nalo ndani, na mimi nikabaki uani nimeona aibu mpaka masikio yanawaka.

Nilikwenda kwa Mzee Kondo. Alikuwa anakula muhogo wa kuchoma mbele ya nyumba yake, akanikaribisha, nikamwamkia. Nikamwambia mimi sikuuona mwezi kwa yakini, yeye je? Alitafuna kwanza akamaliza. "Mwanangu, mimi ukinionyesha mbuzi ng'ambo ya ile njia nitakwambia ni gunia. Macho yalishaondoka. Nilikuona wewe ukiuona, nikasema kijana macho yake ni mazima, kama yeye kauona basi upo." Nami siku zile zote nilikuwa nimejifariji kwa kusema kama Mzee Kondo kauona basi upo. Tulitazamana. Nilitaka kulia na nilitaka kucheka. Watu wote wa msikiti wetu walikuwa wamekula mchana juu ya mgongo wa watu wawili wanaoegemeana, na katikati yetu hapakuwa na kitu. "Liache jambo hili," akasema Mzee Kondo polepole. "Nina umri wa kufa, sitaki kufa naitwa mwongo." Nikamwambia jina lake sitalitaja. Yangu nitayasema.

Alhamisi, watoto walipotoka madrasa, nikaingia chumbani kwa Maalim. Kilikuwa na vitabu mpaka dirishani na harufu ya udi. Nikamwambia. Alivua miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akaifuta ingawa ilikuwa safi. Hakunigombeza. Alifikiri, kisha akasema kesho baada ya Ijumaa atatangaza kwamba mwenye shaka yoyote na siku ile, kwa tahadhari tu, alipe siku moja ya kufunga. "Hapo hakuna atakayeumia," akasema. Nakiri kwamba nilitamani kulikubali jambo lile kama mtu mwenye kiu. Lilikuwa na heshima, lilikuwa na lugha nzuri, na lilinificha kabisa. Lakini nilikuwa nimeshachoka kujificha nyuma ya maneno. "Maalim," nikamwambia, "wao hawana shaka. Wana yakini tupu, na mimi ndiye niliyewapa. Mwenye shaka ni mimi. Tangazo hilo litamfikia nani? Acha nisimame mwenyewe niwaambie." Akairudisha miwani usoni. Kisha akasema, "Ukisimama kesho, Omari, sitaweza kukupa lile ulilokuwa ukilisikia juu ya ukuta." Ndipo nilipojua kwamba alijua siku zote. Nikamwambia nimeelewa. Nilitoka mle ndani miguu inatetemeka, ila nilikuwa nimeamua, na tangu siku ile nimejua kwamba mtu anaweza kutetemeka na kuamua kwa wakati mmoja.

Ijumaa nikasimama kabla watu hawajainuka. Nikasema, "Mwezi niliowaambia nimeuona, sikuwa na hakika nao. Nilihisi shaka nikatamka yakini, kwa sababu nilipenda kusifiwa. Siku ile ilikuwa Ramadhani. Kila aliyekula kwa neno langu ana siku moja ya kulipa, na dhambi ya neno ni yangu." Msikiti ukavuma. Mwuza nyama wetu, mtu mkali, akauliza, "Sasa mimi nifanye nini, nitapike pilau?" Wengine wakacheka, wengine wakasema nitolewe. Ndipo Mzee Kondo akainuka, mkono ukutani, polepole kiasi cha kuwanyamazisha wote. "Mimi nilimwona Omari," akasema. "Mwezi sikuuona." Akakaa. Nikamwangalia Maalim, na moyoni nilimwomba asininusuru. Alisimama akasema sheria ya ushahidi ilimtaka atutenge, amuulize kila mmoja peke yake mwezi ulikuwa wapi na ulikaaje. "Niliwauliza pamoja," akasema, "kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kuwashinda wenzetu. Nilimpenda kijana kwa kuwa ananipa jibu ninalolitaka. Jumatatu mimi nafunga."  Watu walitoka bila kupeana mikono.

Wazazi kadhaa waliwaondoa watoto wao kwangu, na Maalim akanishauri nisiendelee kufundisha. Sikubishana. Nilikuwa na kazi nyingine. Wageni waliokula nasi siku ile walikuwa wamesharudi kwao, na hawakuwepo Ijumaa. Nilipanda lori la mahindi mpaka Mikumi nikamtafuta Mama Chausiku, nikamkuta kwenye kibanda chake kando ya barabara kuu, anakoroga maharage, malori yamepanga foleni na madereva wenye njaa wanasubiri. Nikamweleza nimesimama, moshi machoni. Akaacha mwiko. "Umetoka Kilosa kuja kuniambia hilo tu?" Nikamwambia ndiyo, hilo tu. Akanipa sahani ya wali maharage akakataa hela, akasema atalipa siku yake, na kwamba madereva wake wote wangekiri madeni hivyo angekuwa tajiri. Kwenda Ruhembe niliazima baiskeli. Athumani nilimkuta kwenye kambi, mwili mzima mweusi kwa masizi ya miwa iliyochomwa. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa ile sauti yake ndogo ya ehe, ehe, halafu akasema, "Ustadhi, mimi siku zote zile nilikuwa msafiri. Nilikuwa sifungi. Futari nilikuwa nakula kwa sababu tamu." Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye majani ya miwa. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu sikukuu.

Nimezeeka sasa, na watu huniuliza mambo kwa kuwa nina mvi. Huwajibu "nadhani" kwa yale ninayodhani, na "sijui" mara nyingi zaidi, na nimeona baadhi yao wakiondoka wamekasirika. Imani yangu haikupungua kwa hilo. Naswali nikijua kwamba mimi ni mtu wa kukosea mbele ya Yule asiyekosea, na sipati tabu kulala. Lakini siku ile niliporudi kutoka Ruhembe sikuwa na busara yoyote. Nilikuwa na vumbi, malengelenge, na sanduku la bati la kufunga, kwa sababu Mikumi nilikuwa nimepata kibarua na Kilosa sikuwa tena na sababu ya kukaa. Nilikuwa nafunga mkanda wa sanduku Saada aliposimama mlangoni, mlango wazi, mama yake anaonekana uani nyuma yake.

"Unaondoka hujajibu," akasema.

Nikamwambia sina la kujibu, baba yake alishasema. Akasema baba yake hakuulizwa, mimi ndiye niliyeulizwa. Basi nikaacha mkanda. Nikamwambia kwamba nikimwona nafurahi na nikimkosa nyumba inakuwa kubwa, kwamba nadhani hayo ndiyo mapenzi lakini sijawahi kuwa nayo kwa hiyo sina cha kulinganisha. Nikamwambia naogopa kwamba nilimtaka kwa sababu niliahidiwa. Nikamwambia sijui kama nitamfaa, sina kazi ya maana, na jina langu limechafuka mtaa mzima. Nikamwambia kama ataniruhusu nitarudi kila mwezi mpaka nijue, na nikijua kwamba hapana, nitarudi kumwambia hapana. Nilisema yote hayo nikitazama msumari wa kanzu ukutani kwa kuwa usoni kwake sikuweza.

 Saada akafuta macho kwa pembe ya kanga, haraka, kama mtu anayeondoa moshi. "Maneno hayo hayo," akasema, "nenda ukamwambie Baba. Usiongeze hata moja."

Nikavuka ukumbi nikabisha hodi. Maalim alikuwa amekaa mbele ya vitabu vyake, hakuniambia nikae. Nikasema yote tena, nimesimama, kwa mpangilio ule ule: ninachokijua, ninachokidhani, ninachokiogopa, na nisichokijua. Hakunikatiza. Nilipomaliza, juu ya ukuta nilimsikia Bi Hawa, aliyekuwa amesimama chumba cha pili, akivuta pumzi. Maalim akanyoosha mkono akanionyesha mkeka nikae.

"Ushahidi huu," akasema, "nimeupokea."